Moto wa Kilio cha Stanislas

Siku Stanislas Mumba alipopanda treni ya askari, mwezi wa pili wa 1941, mkewe, Victorine, alikuwa amekwisha kuloweka maharagwe ya watu wawili. Aliyapika yote. Alikula siku tatu, na siku ya nne akaanza kupima ya mtu mmoja.

Stanislas alizoea kunyoa ndevu mlangoni huku akipiga mluzi, na majirani wa mtaa wao, Cité Albert, walijua saa kwa mluzi huo. Alipelekwa Abisinia kupigana na Waitalia. Mwezi wa tisa ikaja barua kwamba amekufa. Haikusema amekufa vipi.

Moto wa kilio ukawashwa uani, kama desturi ya ukoo. Moto huo huzimwa siku mkubwa wa ukoo anaposimama na kutaja mbele ya watu kilichomuua marehemu, asiwepo wa kupinga. Hapo mjane huvua nguo nyeusi na kwenda anakotaka. Kabla ya hapo haondoki. Victorine alitaka kwenda Kongolo, kwa mama yake, ambaye macho yalikuwa yakififia.

Siku ya tatu akasimama mkubwa wa ukoo, Kapya, mjomba wa Stanislas na fundi wa reli.

"Mutoto wetu alikufa mu vita ya bazungu," akasema. "Bure."

"Apana, Baba Kapya," akajibu Godefroid, katekista, baba wa ubatizo wa Stanislas. "Si bure. Baitalia balinyanganya bantu inchi yabo kwa nguvu. Kubafukuza iko haki."

"Kunyanganya bantu inchi yabo iko mubaya?"

"Mubaya sana!"

"Basi sema kwa sauti, Katekista. Kule mu ville ya bazungu nako basikie."

Watu wakacheka, kisha wakatazama uzio. Godefroid akanywa kahawa yake. Hawakupatana. Jioni ile kuni ziliisha, na moto ukaendelea.

Uliendelea miaka kumi na moja bila kuni. Karani wa usafi alikuja na amri ya kuzima mioto ya uani. Alimwaga ndoo nne, akaandika katika daftari "haukuzimika", akatia sahihi, akaomba kuwashia sigara.

Kila Jumapili baada ya misa wanaume walirudi pale kuendelea na ubishi. Zilikuwa Jumapili nzuri. Victorine alikaanga karanga. Godefroid alichora Abisinia katika majivu kwa kijiti, Kapya akaifuta kwa mguu. Mara nyingine, sauti zikipanda sana, mluzi ulisikika kutoka katika miali. Wote walisikiliza mpaka wimbo uishe, halafu wakaendelea palepale walipoachia.

Mwaka 1952 habari zikaja kutoka Kongolo: mama haoni tena, na kila jioni anamwita Victorine kwa jina. Jumapili hiyo Kapya na Godefroid walifika pamoja, wameshikana mikono kwa sababu ya uzee.

"Mwanangu, tumepatana," akasema Kapya. "Tutasema homa. Homa haina muntu wa kuigombania."

Majirani wakaitwa. Kapya akasimama, akasema Stanislas aliuawa na homa. Hakuna aliyepinga. Moto ukaanza kushuka. Mluzi ukatoka, mwembamba, ukakatika katikati ya wimbo. Victorine alitazama miali mpaka ikabaki kimo cha kiganja. Furushi lake lilikuwa limefungwa tayari, karibu na mlango.

"Mimi napinga," akasema.

"Victorine! Na mama yako?" akauliza Kapya.

"Najua, baba. Lakini homa iko hapa kwetu. Haiombake muntu apande treni."

Moto ukapanda tena. Godefroid akavuta kiti. Kapya akaomba karanga.

Mama yake Victorine alikufa kabla ya mvua za mwaka ule, akazikwa na jirani.

Sasa, asubuhi, wanawake wa njia ile huja kuchota makaa kwake, na hawanunui kibiriti. Kapya na Godefroid huja Jumapili. Nguo nyeusi anayovaa Victorine ni ya sita.