Mti Usiochumwa

Mwanangu Niyibizi aliununua mti ule mwezi wa Mei, theluji ilipokwisha kuyeyuka hata kwenye pembe za ua ambazo jua halizifikii. Ulikuwa mti wa betula, mchanga bado, wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na kimo chake kilimpita mtu mzima kwa mkono mmoja. Aliupanda nyuma ya nyumba yetu ya Richfield, mji huu wa ugenini tulikokimbilia, mbele ya dirisha la chumba tunacholala mimi na baba yake, ili siku moja utukinge na jua la jioni. Kisha akamwambia baba yake kwamba mti ni wake, aumwagilie na kuutunza.

Sikuupenda mti huo. Hauna tunda, na mbao zake hakuna aliyezihitaji. Lakini majira yote ya baridi Mzee Eliezer, mume wangu, alikuwa amelala akiutazama ukuta. Mtu aliyesimamia mashamba ya kahawa kule Kalehe, kwetu Kivu, tangu ujana wake hadi vita vilipotufukuza, hapa hakuwa na jambo lolote lililomdai ainuke. Nilimpelekea chai, akainywa akiwa ameegemea mto. Nilimsomea Zaburi, akaitikia amina pasipo kugeuka. Nilichoka kumsihi. Mti ule ndio uliomtoa kitandani, nami kwa sababu hiyo niliuheshimu.

Kila asubuhi aliuburuta mpira wa maji hadi shinani. Muuzaji alikuwa ameeleza kwamba mizizi ya betula hukaa karibu na uso wa ardhi na haivumilii joto. Kwa hiyo maji yatoke polepole, yazame. Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akingoja udongo ushibe, huku ndege za uwanja wa karibu zikishuka juu ya mapaa. Alianza kula vizuri. Alianza hata kulalamikia chumvi katika mboga za Donatille, mke wa Niyibizi, naye Donatille akaninong'oneza kwamba mgonjwa akifikia kulaumu chumvi amekwisha kupona.

Mwezi wa Juni, siku moja ambayo wenye kazi walikuwa kazini, Mzee alichukua msumeno. Akafanya alilolifanya maisha yake yote. Mti wa kahawa ukirefuka hukatwa kichwa, nguvu zake zirudi matawini, na wachumaji waufikie bila ngazi. Aliukata usawa wa kifua, mkato wa mshazari, safi, usiochana gome. Akakusanya matawi yaliyoanguka, akaniita nitazame. Nami nimezaliwa penye kahawa: niliona kazi iliyofanywa vizuri, nikamsifu.

Niyibizi alirejea alasiri kutoka uwanja wa ndege, anakopakia mizigo. Alisimama uani na fulana yake ya kung'aa, asipaze sauti. Ingekuwa nafuu kama angeipaza.

"Baba, umeufanya nini?"

"Nimeukata kichwa. Sasa utapanuka. Hata mwanao Merveille ataufikia."

"Aufikie achume nini? Mti huu unachumwa nini, Baba?"

Mzee aliutazama mti kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Donatille, aliyekuwa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, alisema kwamba majirani watadhani tumeleta mbegu ya miti mifupi kutoka Kivu, lakini hakuna aliyecheka. Niyibizi akautwaa msumeno mikononi mwa baba yake, akasema kwamba Jumamosi ataung'oa mti huo na kununua mwingine, na kwamba tangu sasa Baba apumzike.

Kupumzika ndilo neno nililoliogopa.

Kesho yake Mzee hakuinuka, wala siku iliyofuata. Joto lilikuwa kali, na majani yaliyosalia yakaanza kujikunja. Ningeweza kuumwagilia mimi mwenyewe, lakini ningekuwa nimemthibitishia mume wangu kwamba hahitajiki. Niliketi kando ya kitanda hadi chai yake ikafanya utando.

Jioni nilimngoja mwanangu mlangoni, nikamwambia kwamba mti hautang'olewa. Aliegemea mwimo wa mlango, buti zikiwa bado miguuni.

"Mama, nimechoka."

"Najua. Wewe umechoshwa na kazi. Baba yako amechoshwa na kukosa kazi, na uchovu huo hauishi kwa kulala."

Alisema hawezi kulisifu kosa. Nilimjibu kwamba sikumlea asifu makosa, wala sikumwomba sifa. Nilimtaka arudishe msumeno, amwulize baba yake swali ambalo mwenye mti pekee ndiye mwenye haki ya kulijibu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Niyibizi aliingia chumbani akiwa ameushika msumeno kama mtu asiyejua pa kuuweka. Akaeleza kwamba chini ya kidonda yamesalia matawi mawili yanayoelekea juu. Mwenzake wa kazini alimwambia kwamba moja laweza kufungwa wima liwe kichwa kipya, na la pili lipogolewe, ingawa shina litabaki na kigosho, limepinda hapo, milele.

"Ni wako, Baba. Lipi libaki?"

Mzee alibaki ameuelekea ukuta. Niyibizi alitazama saa yake, kwa kuwa basi halimngoji mtu. Ndipo sauti ikatoka upande wa ukutani.

"La mashariki ni nene, lakini limekaa vibaya. Sharti niliangalie."

Kisha akaniuliza nilikoviweka viatu vyake. Nikamwambia viko mlangoni, na kwamba udongo umekauka.