Mpishi Aliyeachwa Kisiwani

Siku hiyo mhakiki wa vitabu hakutulia. Alizunguka meza ya chakula na juzuu ya saba mkononi, ya mwisho katika ile hadithi ndefu ya merikebu; mara anakaa, mara anainuka, mara anafungua friji asitoe kitu. Mhariri wa gazeti alishapiga simu. Ukurasa ulikuwa unamsubiri yeye tu.

Kitabu kilikuwa kitamu, hilo hakulikana. Visiwa vinavyohama vilitulia, nahodha aligeuka jiwe na bado akashika usukani, merikebu ikatia nanga nyumbani. Lakini kuna kitu kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akarudia kurasa za mwisho, ndipo akakipata: mpishi. Yule mpishi mnene aliyeachwa kisiwa cha chumvi, akaambiwa asubiri, watamfuata. Mwandishi kamsahau mtu mzima.

Hasira zikampanda. Akaandika kwa mkupuo, akamvua nguo mwandishi wa watu: juzuu saba, na humkumbuki uliyemwacha? Mwisho umeharibika, na hadithi nzima imeharibika nao. Alijua neno lake lina uzito, wasomaji walinunua au waliacha kwa kumsikiliza yeye. Na mwandishi hakuwa na juzuu nyingine ya kujitetea.

Kwa mazoea, hakutuma kitu kabla binti yake hajakisoma. Binti, muuguzi, ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu, viatu mkononi. Alisoma amesimama. Alipofika kwa mpishi alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba, mpishi gani? Huyo hayumo kitabu chochote. Ulimtunga wewe, nilipokuwa mdogo nagoma kula. Kila ukinisomea juzuu za mwanzo, ulikuwa unamchomeka."

Mhakiki alibisha, akashusha juzuu zote kabatini, akapekua. Hakuna mpishi. Mabaharia walikula bila kupikiwa na mtu. Nusura aumbuke, na amzike mwenzake bila kosa. Akafuta, akaandika upya, safari hii kwa haki: mwisho umetimia, hakuna aliyesahauliwa.

Binti alikuwa mlangoni, anakwenda kulala. Akageuka.

"Ila nilipoanza kula vizuri uliacha kumtaja. Ulimrudisha, Baba, au bado yuko kule?"

Simu ikaita, mhariri tena. Mhakiki akaiacha iite. Alijitahidi kukumbuka, na ilimuuma, maana hakukumbuka kumrudisha.