Kichekesho Nilichokikatiza Msibani

Usiku wa kuamkia leo niliota niko darasani na siku za wiki zimekaa kwenye madawati kama wanafunzi, Jumatatu mbele, Jumapili nyuma amesinzia. Mwalimu Lukelo, anayetufundisha uchekeshaji, anaita mahudhurio.

"Pazi?"

"Nipo, mwalimu."

"Kicheko chako kiko wapi?"

"Nimekiacha mlangoni."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya chuo chetu: mchekeshaji hacheki kabla ya watu wake. Mlangoni kuna mama anapokea vicheko na kuvifunga kwenye magazeti kama maandazi. Changu kilikuwa chembamba, akaniuliza kama naumwa.

Naumwa, ila si mwili. Baba alifariki mwezi wa tatu, na tangu tumzike kule Tabora mama hajacheka hata kidogo. Mimi nasomea kuchekesha watu, na mama yangu mzazi amenishinda. Inaniuma sana.

Mwalimu anaandika ubaoni kanuni ya pili: ukikatiza kichekesho cha mwenzako, utakimalizia wewe. Kisha anafungua dirisha, Jumatatu anatoka, Jumanne na Jumatano wanamfuata wakisukumana. Sasa ni Alhamisi jioni, niko kwa muuza chipsi na rafiki yangu Siwema, kama kila Alhamisi baada ya darasa.

"Samahani," inasema sahani ya chipsi mayai. "Una mgeni."

Mgeni ni sare ya baba ya kazi ya reli, koti na suruali, ndani hamna mtu. Imesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo," naiamkia, maana ni ya baba.

"Marahaba. Mimi ni kile kichekesho ulichokikatiza. Mguu wangu uko hewani tangu mwezi wa tatu. Nimechoka, mwanangu."

Siwema anaisogezea kiti. "Karibu chipsi."

"Ahsante, sina tumbo."

Hapo nikakumbuka, na aibu ikanishika. Baba alikuwa Mzaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu. Siku ya maziko jirani yetu Bi Nyamizi alivaa sare ya marehemu, akaingia katikati ya waombolezaji akiigiza mwendo wake, kama mtani anavyotakiwa kufanya msibani. Mimi, msomi wa mwaka wa kwanza, nikaogopa wenzangu wa chuo waliokuja kuzika watatuonaje. Nikamfukuza mguu wake ukiwa bado hewani. Na mama alikuwa ameanza kutabasamu, nilimwona kwa macho yangu.

"Kimalizie," inasema sare.

"Sijui kilikuwa kinaishaje."

"Basi nirudishe kwa mwenyewe."

Nanyanyuka kwenda kunawa mikono. Namaliza kujifuta, niko Tabora, mlangoni kwa Bi Nyamizi, sare nimeikunja kwapani. Navua viatu.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtoto wa yule Mzaramo."

"Yule aliyepelekwa shule kusomea kucheka? Pita, ila usije ukanifukuza na humu kwangu."

Napiga magoti. "Nisamehe, Bi Nyamizi. Nilidhani unamdharau baba."

"Nimdharau! Miaka thelathini kila asubuhi ananiita mtumwa wake, nami namwita wangu. Sasa nani ataniita mtumwa?" Anafuta macho kwa upindo wa khanga. "Wewe ulidhani nacheza. Nilikuwa nalia, mwanangu. Sisi watani ndivyo tunavyolia."

Nampa sare, anaivaa juu ya khanga, na ule mguu unashuka chini taratibu. Kishindo chake ndicho kilichoniamsha.

Kulikuwa kumekucha na simu ilikuwa inaita. Mama.

"Pazi, bado umelala?"

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Bi Nyamizi yuko hapa uani tangu alfajiri, kavaa sare ya baba yako. Anasema ulimfuata usiku kumwomba radhi, ukaondoka ukasahau kiatu mlangoni kwake. Tabia gani hiyo, mtu mzima?"

Nikachungulia chini ya kitanda. Kulikuwa na kiatu kimoja.

"Kwanza hebu ngoja," mama akasema, na sauti yake ikaanza kuyumba. "Anatembea... Pazi, anatembea kama baba yako siku ile treni inamwacha na yeye anajifanya hana haraka... Jamani, Nyamizi, acha! Acha bwana, utaniua!"

Kisha akacheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, akalia, akarudi kucheka tena. Nilikaa kitandani na kiatu changu kimoja mapajani, nikimsikiliza mama yangu, mpaka salio likamwishia.