Tetemeko la Pili

Ukuta wa jiko ulipomwangukia mke wa Kazadi na kumuua, watu wa mtaa hawakujiuliza ni nini kilichotikisa mji mzima wa Kamina. Walijiuliza ni nani. Na jibu walikuwa nalo tayari: siku mbili kabla, marehemu aligombana sokoni na Mama Kapinga kwa ajili ya samaki wakavu wa Kinkondja, na bibi huyo, ambaye kweli mdomo wake haukuwa na breki, akamwambia, "Utaona."

Uchawi, basi. Hata matanga hayajaisha, walishamkalisha Kapinga chini uani kwa Kazadi, wanaume wawili wameshika kidumu cha petroli. Émerence, mwalimu wa jiografia, alifika mbio. Kapinga alikuwa mama yake mkubwa, ndiye aliyemlea, na mtetezi mwingine hakuwepo.

Aliokota matofali mawili ya ukuta ulioanguka. Akayabana pamoja, akalisukuma moja. Halikusogea. Akazidi kusukuma, likachomoka ghafla, vumbi likamrukia usoni.

"Kule bonde ya Upemba, chini kabisa, mabwe kama hii matofali iko na ufa mukubwa," alisema. "Inasukumana myaka na myaka, inakwama, kisha siku moja inateleza. Njo ile tulisikia. Haiko Mama Kapinga. Na udongo itatikisika tena, kidogo kidogo. Mungojee tu."

"Bon," alisema Kazadi, macho mekundu kwa kulia. "Tutangojea mpaka jua inazama. Kama haitikisike, tunamuchoma."

Mitetemeko midogo huufuata mkubwa, hilo Émerence alilijua, lakini saa ngapi, hakuna kitabu kinachosema. Mchana kutwa alikaa akiomba ardhi itetemeke, ardhi ileile iliyomuua jirani yake, na aliona haya kuomba hivyo.

Saa kumi na moja masufuria yaligongana. Ardhi ikanguruma, mabati yakalia, watu wakapiga mayowe. Émerence peke yake alicheka kwa furaha.

"Munaona? Minyi nilibaambia!"

Kazadi, aliyekuwa amemkamata Kapinga mkono, akamwachia. Akamjia Émerence polepole.

"Weye ulijua," alisema.

"Minyi ni mwalimu, papa, tunasoma—"

"Tangu nazaliwa, hakuna muntu mwenye alijua udongo itatikisika. Weye ulijua."

Wenye kidumu wakamgeukia. Émerence alimtazama mama yake mkubwa, amtetee japo kwa neno moja. Kapinga alijiinua, akajikung'uta vumbi, akarudi nyuma hadi walipokuwa wengine.

"Mwanangu," aliuliza, akimwogopa kweli, "nani alikufundisha bile bintu ya uchawi?"