Kunde za Nadhiri

Mbok Rukinah, yaani Mama Rukinah kwa Kijava, alikuwa na dharau ya kutosha kichochoro kizima, na siku zile karibu yote alimmwagia mtu mmoja. Mtu huyo ni Bu Winarsih, aliyeitwa Bu kwa heshima ya mama mwenye cheo, mke wa mkuu wa kitongoji na mwenyekiti wa akina mama, mwenye viganja laini kama vya mtoto mchanga, ambaye bado alithubutu kuwafundisha wenzake kulima.

"Huyo anaujua udongo?" Rukinah alimuuliza wifi yake, Parti, huku akipepeta mchele. "Akikanyaga tope anaita maji ya kunawa kabla hajainua mguu wa pili."

Parti alicheka. Parti alicheka kila kitu, na kwa sababu hiyo Rukinah alimpenda na pia alimwona mjinga kidogo.

Zamani, kabla Bu Winarsih hajaleta mambo yake, bustani za kichochoro kile zilikuwa za kula. Asubuhi umande haujakauka, Rukinah alitoka na kisu kidogo, akachuma matembele, mchicha na mabilinganya mawili matatu, akayafunga mafungu kwa nyuzi za mgomba na kuyapitisha juu ya ua. Fungu likitoka halikosi kurudisha kitu: pilipili, majani ya ndimu, au kipande cha tempe ya soya kilichobaki jana. Rukinah aligawa kwa mkono mkunjufu na kusema kwa mdomo mkali. Jirani wa kushoto, alidai, anachemsha mchicha mpaka unakuwa uji wa mgonjwa. Wa kulia anapokea bilinganya na kuligeuzageuza utadhani ametoa pesa. Yule wa mwisho kabisa anakata kunde kama anapasua kuni. Lakini wote aliwapa, wala hakuruka nyumba. Kuwapa ndiko kulikompa haki ya kuwasema.

Basi likaja shindano. Wilaya ilitaka kujua ni kichochoro gani chenye bustani nzuri kupita vyote, na Bu Winarsih akaitisha mkutano, akashika kipaza sauti ingawa walikuwa wanawake wachache tu kwenye kibaraza kimoja.

"Mama zangu, kuanzia leo hakuna kuvuna. Jani likiota, liachwe lionekane. Waamuzi wanakuja wiki hii."

Hawakuja wiki ile. Wakaahirisha, kisha wakaahirisha tena. Mchicha ukatoa mbegu, matango yakavimba na kuwa manjano, mabilinganya yakapasuka yakiwa juu ya miti yao. Wanawake wenye mboga milangoni wakawa wanasimama barabarani kununua mboga kwa kijana wa pikipiki, naye kijana alikuwa anacheka mpaka fizi za nyuma zinaonekana. Na wakatii! Hilo ndilo lililomkera Rukinah kuliko yote. Watu wazima, wenye wajukuu, wanaogopa kuchuma jani la bustani yao wenyewe.

Yeye aliendelea kuchuma matembele ya nyuma ya nyumba, ambako wageni hawafiki. Ila uchanja wake wa kunde ulikuwa mbele, kando ya njia, mahali pa kwanza mtu anapotazama akiingia kichochoroni. Hapo hakuweza kujificha, na hapo ndipo roho yake ilipokuwa.

Kunde zile ndefu, za kutambaa kwenye mianzi na kuliwa na maganda yake mabichi, mbegu zake aliachiwa na mama yake, na alizihifadhi ndani ya chupa yenye majivu. Safari hii alikuwa amezipanda kwa nadhiri. Binti yake, Murtini, mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilipoingia, Rukinah alikwenda kaburini kwa mama yake akasema kwa sauti: mtoto huyu akifika mwezi wa saba, kunde za karamu ya dua nitazitoa kwa mkono wangu, haitaingia ya sokoni hata moja. Kunde za karamu ile hazikatwi. Zinachemshwa nzima, zinachanganywa na mboga nyingine na nazi iliyokunwa, na urefu wake ndio umri anaoombewa mtoto.

Mwezi wa saba ukafika. Siku ya karamu ikahesabiwa kwa kalenda ya Kijava, na siku iliyohesabiwa hivyo haisogezwi kwa ajili ya mtu. Halafu waamuzi nao, baada ya uvivu wao wote, wakachagua siku hiyo hiyo.

Bu Winarsih alikuja jioni ya kuamkia siku yenyewe, amejipaka manukato, amesimama mbali kidogo na tope.

"Mbok, nakuomba. Uchanja wako ndio uso wetu. Ukiuvua kesho, kichochoro kitakuwa uchi."

"Kivishe wewe, Bu. Nguo unazo."

"Nitakununulia kunde sokoni, mbichi, laini. Hizo zako zimeshaanza kukomaa."

"Zimekomaa kwa amri ya nani?"

Bu Winarsih akameza mate. "Kunde ni kunde, Mbok. Ikishaingia tumboni nani anajua ilitoka wapi?"

"Mimi najua! Kunde ya soko mpe mtoto wa soko. Mjukuu wangu ana bibi. Tena nikwambie, nifumbe macho haya, uniwekee kunde moja ya sokoni katikati ya zangu, nitaitema hapo hapo. Ulimi wangu haujafa."

"Haya, Mbok."

"Haya nini? Kesho jua likichomoza, navuna."

Na alivuna. Alichuma zote, hakubakisha hata ile changa. Lakini alipokaa chini kuchambua, moyo ulimshuka. Nyingi zilikuwa ngumu kama kamba, nyingine zimetobolewa na wadudu, na zilizofaa hazikufika hata nusu ya kapu. Alimlaani Bu Winarsih kimoyomoyo, akapeleka kapu jikoni ambako Parti na wanawake wengine walikuwa wanakuna nazi.

"Hizi hapa. Usikate hata moja. Ukikata kunde umekata umri."

Parti alichungulia. "Yu, dada yangu, mbona chache? Na nyumba zote hizi?"

"Zitatosha. Zina baraka." Akaondoka haraka asije akaulizwa tena.

Alikuwa chumba cha mbele anamfunga Murtini kitambaa cha kuogea maji ya maua, alipoona kupitia dirishani kitu ambacho nusura kimwangushe kwa kicheko. Bu Winarsih alikuwa kwenye uchanja, peke yake, na mfuko wa plastiki wa yule kijana wa pikipiki. Alitoa kunde moja, akaifunga kwenye shina tupu la mkunde kwa uzi mwekundu wa kushonea, akarudi nyuma kuitazama, kisha akatoa nyingine. Jasho lilikuwa linaharibu poda usoni. Mwenyekiti mzima, anatundika mboga kama anaanika soksi!

Mtu mwingine angekimbia jikoni kuwaita wenzake. Rukinah hakumwambia mtu, hata Murtini. Neno tamu namna ile halimwagwi asubuhi. Alitaka kuliweka, kama mtu anavyoweka kipande cha nyama pembeni ya sahani akile mwisho, na usiku, karamu ikishakwisha na wanawake wamekaa wamenyoosha miguu, alimwage lote.

Waamuzi walikuja jua likiwa limepanda. Mkubwa wao, mwenye tumbo lililotangulia mbele, alisimama kwenye uchanja akashika kunde moja. Ikazunguka kwenye uzi wake. Akautazama ule uzi, akamtazama Bu Winarsih, kisha akaiachia taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mazao ya kuridhisha," alisema, akauliza chai ya barafu iko wapi.

Rukinah, nyuma ya dirisha, aliona yote. Wote baba mmoja, mama mmoja, alijisemea. Kabla ya adhuhuri kichochoro kilishapewa nafasi ya pili, pamoja na saa ya ukutani ya plastiki, na waamuzi wakaondoka kwenda kudanganywa kichochoro kingine.

Alasiri alipoingia jikoni, mboga zilikuwa tayari zimechanganywa na nazi, na beseni lilijaa hadi mdomoni. Rukinah alichomoa kunde moja, akafumba macho na kutafuna.

"Hii sasa ndiyo kunde," alisema. "Soko gani litakupa hii?"

"Na zimetosha, Yu!" Parti alicheka. "Tena zimezidi."

"Nilikwambia nini? Mkono wangu una baraka."

Wanaume walikaa mkekani, dua ikasomwa, kila kinywa kikaitikia amina. Vikapu vya baraka vikafungwa, wali chini, mboga juu, jani la mgomba limefunika, vikaanza kupelekwa nyumba kwa nyumba. Kimoja kilibaki mezani, na Rukinah alikuwa anakizunguka kama hakioni.

"Hicho cha Bu Winarsih," alisema Murtini.

"Ale saa yake ya plastiki."

"Mbok." Murtini alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo. Hakuwa anatania. "Mlango mmoja ukirukwa, dua moja imepungua. Mimi nimeshapungukiwa mara mbili."

Rukinah alikichukua kikapu. Njiani alikuwa anayapanga maneno yake, maana kama ni lazima ampe chakula, basi atampa na kitoweo.

Bu Winarsih alikuwa amekaa kibarazani peke yake, saa imelala mapajani, haina betri. Nyumba yake ilikuwa safi kupindukia. Alipokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti ndogo, akataka kukipeleka ndani.

"Hapana, Bu. Kula hapa hapa, nikuone."

"Mbok, nitakula baadaye na—"

"Uzi wako niliuona," Rukinah alisema. "Mwekundu. Nilikuwa dirishani. Nilikuona unavyozifunga moja moja, umenuna kama unamshonea bwana harusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Unawaozeshea watu mboga zao, halafu unakwenda sokoni kununua za kutundika. Sasa funua hilo jani. Onja, ujue tofauti ya kunde ya kulimwa na kunde ya kufungwa. Ukishaonja, hutatia tena mguu kwenye uchanja wangu."

Uso wa Bu Winarsih ulikuwa umeiva. Alifunua jani la mgomba, akaingiza vidole, akatoa kunde moja, ndefu, nzima, imejikunja, nazi imeganda juu yake. Akainyanyua hewani.

Kwenye kikonyo chake kulikuwa na fundo la uzi. Maji ya moto yalikuwa yameuchujusha, lakini wekundu ulionekana.

Rukinah aliukazia macho uzi. Parti! Parti aliona kapu limepungua, akatoka mbele, akakuta kunde zinaning'inia kwenye uchanja wa wifi yake, akachuma bila kuuliza uzi ni wa nini. Kwa nini asichume? Kunde ziko kwenye uchanja wa Rukinah, za nani kama si za Rukinah? Nani alimwambia vinginevyo? Neno moja lingetosha, na neno hilo yeye alikuwa amelificha tangu asubuhi ili alifaidi usiku. Haitaingia ya sokoni hata moja, alikuwa amesema juu ya kaburi. Na ile aliyoitafuna amefumba macho?

Kutoka ng'ambo ya njia ilisikika sauti ya Murtini akicheka na wanawake. Kicheko hicho Rukinah hakuwa amekisikia miezi saba. Binti huyu akijua kwamba nadhiri imevunjika, hatalala usingizi mpaka siku ya kujifungua, na kila maumivu madogo ya tumbo atayahesabu kuwa ndiyo yenyewe.

Bu Winarsih aliutazama uzi, kisha akamtazama Rukinah, mtazamo ule ule wa mwamuzi pale uchanjani. Rukinah alingoja kicheko. Angekuwa yeye, angecheka mpaka kichochoro kizima kitoke nje kuuliza kuna nini.

Bu Winarsih hakucheka. Aliung'ata uzi kwa meno ya mbele, akautoa, akaufumbata kiganjani. Kisha akaikunja kunde bila kuikata, akaitia kinywani nzima, akatafuna pole pole, macho yake hayajamwacha Rukinah.

"Tamu," alisema alipomeza. "Kweli, ya nyumbani haijifichi."

Rukinah aligeuka kutazama nyumbani kwake, ng'ambo ya njia.

"Mungu ampe mtoto umri mrefu, Mbok. Naomba kwa moyo wangu wote." Akafunika jani vizuri, akajifuta vidole kimoja kimoja. "Mwakani shindano lipo tena. Uchanja wako ndio uso wetu. Hatutauvua kabla waamuzi hawajapita, au siyo?"

Ng'ambo, Murtini alikuwa anamwita mama yake arudi, chai inapoa.

"Ndiyo, Bu," alisema Rukinah.