Kumwagilia Tuta Tupu

Msimu aliofariki mke wangu, vitunguu vyetu vilimezwa na magugu. Kaka yangu, aliyeachiwa shamba na baba, hakunificha: magugu yakinishinda tena, ananinyang'anya na kupanda miti. Sikuwa na uwezo wa vibarua wala dawa. Nilibaki na jembe la marehemu na namna yake ya kazi, ambayo majirani waliicheka miaka yote.

Alikuwa akilima tuta, akalisawazisha, kisha hapandi kitu. Anamwagilia udongo mtupu. Magugu yanadhani wakati wao umefika, yanachipua. Yakiwa madogo kama ukucha, anayakwangua juu juu kwenye jua kali, yanakauka palepale. Ndipo anapanda.

Kaka alinikuta na keni ya kumwagilia mkononi.

"Bwana mdogo, unamnywesha nani?"

"Magugu."

"Alaa! Na shule utayapeleka lini?"

Alipoondoka nikacheka, nikageuka nimwambie mke wangu. Hapakuwa na mtu.

Nilikwangua, tuta likawa safi kama sakafu iliyofagiwa. Lakini mkono una mazoea yake. Nikisubiri miche ya vitunguu ikomae kitaluni, nikalitifua tena ili udongo uwe laini. Wiki haikuisha, tuta likawa kijani. Mbegu za magugu zilizolala chini nilikuwa nimezipandisha mwenyewe. Yeye hakutifua kamwe mara ya pili. Alitoboa vishimo kwa kijiti, akapachika miche.

Nikaanza upya. Nikamwagilia, nikangoja, nikakwangua, nikapanda kwa kijiti. Katikati ya mistari nikatandaza nyasi kavu zisizo na mbegu.

Vitunguu vilipoanza kunenepa, kaka alikuja. Alitembea tuta zima ameinama, anafunua nyasi huku na huku, kama aliyedondosha ufunguo.

"Haya," alisema akijinyoosha kiuno. "Miti nitatafuta pa kuipanda. Lima, mdogo wangu."

Kesho yake niliwahi shambani kama kawaida. Hapakuwa na cha kung'oa. Zamani magugu yalibaki machache, mimi na mke wangu tukayang'oa pamoja, yeye mstari wake na mimi wangu, akisimulia mambo ya watu mpaka jua litufukuze. Nilifunua nyasi nikitafuta japo gugu moja. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Ng'ambo ya mfereji, mama jirani alikuwa amechuchumaa kwenye karoti zisizoonekana kwa magugu. Nikavuka, nikashika mstari wa pembeni yake.

"Baba, mimi sina cha kukulipa."

"Nani kadai? Mkweo hajambo?"

"Yule? Usinikumbushe."

"Nikumbushe mimi, basi."

Alinitazama kidogo, akatikisa udongo kwenye gugu alilolishika, akaanza tangu siku mkwe huyo alipoingia nyumbani kwake.