Siku Tulipojihesabu kwa Sauti

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Unawatazama jioni wakiingia zizini, mmoja mmoja kwa rangi yake, na asiyekuwepo unamjua. Lakini namba haitoki mdomoni. Watu nao ni hivyo hivyo. Mama yangu alizaa tisa, na mgeni akimuuliza alijibu, "Wapo wawili, watatu." Ukitaja idadi umekiita kifo kije kupunguza.

Basi watu wa ramani, wale wanaopanga huduma za afya zifike wapi, walipofika kitongojini kwetu, mwisho kabisa wa kata ya Kamuli, walimuuliza mwenyekiti wetu, mzee Melkiory, wanawake wa miaka thelathini na kuendelea ni wangapi. Akajibu kama alivyolelewa: "Wachache tu. Wanne hivi." Mimi nilikuwa pale pale namenya ndizi. Nilisikia, nikaendelea kumenya. Hilo kosa ni langu pia.

Haikupita wiki tatu, tukiwa tunaanua kahawa, mkwe wangu Renatha akanishika mkono akauweka kwenye titi lake la kushoto.

"Mama, hiki ni nini?"

Kilikuwa kigumu kama punje ya kahawa kavu, wala hakimuumi.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Hospitali ni mbali, na Renatha ni mwoga. Nikasikia gari la uchunguzi wa matiti litazunguka Karagwe na Kyerwa, na vituo vyake vitatangazwa mkutanoni. Nikamvuta Renatha twende, na nikapita kila kibanja kuwaita wenzetu.

Huko mkutanoni binti wa ramani, Deodatha, alitundika karatasi kubwa ukutani. Penye wanawake wengi pana vitone vyekundu. Chonyonyo, kule Karagwe, palijaa kama pilipili zilizoanikwa. Kwetu palikuwa peupe.

"Shikamoo bibi. Nyinyi kituo chenu ni ng'ambo ya bonde," akaniambia.

"Marahaba. Huo si ni mwendo wa saa nne kwa miguu?"

"Ramani inasema kwenu mko wanne, bibi. Gari haliwezi kuja kwa wanne."

Renatha akaanza kujifunga kitenge aondoke. Namjua huyu: ng'ambo ya bonde hatakwenda.

Nikapaza sauti: "Kitendawili!"

"Tega!" wanawake wakaitika.

"Analima, anapika, anazaa, lakini mwenye nyumba akiulizwa anasema hayupo."

Nikamgeukia mzee Melkiory. "Tegua."

"Huu ni mkutano, Pulkeria, si jikoni."

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua Bukoba, utuache."

"Bukoba nimekwenda, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni mimi. Ni sisi wote humu. Binti, futa hiyo namba yako, tunajihesabu."

Melkiory akasimama. "Utatuhesabu kama viazi? Unataka kuua watu!"

"Dada yangu Atuhaire hakuhesabiwa na mtu yeyote, mzee, na titi lilimuua. Mimi ni moja!"

Hakuna aliyefuata. Sikukaa. Ndipo akainuka Laurensia, mke wa Melkiory mwenyewe.

"Mbili."

"Laurensia, kaa chini!"

"Nimekaa miaka arobaini, waitu, mzee wangu, hata makalio yamechoka. Mbili!"

Watu wakacheka, na baada ya hapo haikuzuilika. Tatu. Nne. Tano. Namba ya Renatha ilikuwa kumi na tisa, akaisema kama anaiba. Nikamwambia arudie. Akarudia kwa sauti mpaka Deodatha akainua kichwa kwenye kishikwambi chake. Tulifika arobaini na saba, bado waliobaki kuchunga na kuuguza.

Gari lilikuja shule ya msingi ya kwetu mwezi uliofuata. Renatha aliingia, akakaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika barua ya hospitali: wanataka kukata kinyama kidogo wakapime. Midomo ilikuwa imemkauka.

Melkiory alikuwa ameegemea uzio. "Umeona, Pulkeria? Umehesabu. Haya, na sasa?"

"Sasa tunajua kilipo, nacho hakitajificha tena. Leta pikipiki yako umfikishe stendi. Mimi nakuja nyuma na blanketi na chupa ya chai, nitalala naye huko huko mpaka majibu yatoke."

Aliniangalia, akamwangalia Renatha. Kisha akaenda kuileta.